Jumamosi nne za kumfundisha baba yangu kuongea: darasa la uandishi, Soweto, Mbeya

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza mtakaloniuliza. Shilingi 60,000 kwa Jumamosi nne, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, chai na andazi humo humo. Daftari na kalamu unakuja navyo. Mahali ni chumba cha ghorofani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Soweto, hapa Mbeya. Ngazi ni za chuma, zikilowa zinateleza, na mvua ya kwetu mnaijua; wenye magoti kama yangu washike bomba. Jina la darasa siliandiki kwa sababu mwalimu mwenyewe kaniomba nisiliandike. Anachukua watu kumi na wawili tu kila awamu, na simu yake, anasema, imeshachoka.

Darasa ni la kuandika maisha yako mwenyewe. Si riwaya, si mashairi. Na katika hayo maisha kuna kitu kimoja mwalimu anakishikilia kuliko vyote: watu wakiongea kwenye karatasi, waongee kama watu.

Nilikwenda nikijiona nimeshaiva. Nilikuwa mkagua tiketi kwenye treni ya TAZARA tangu 1984 hadi nilipostaafu 2022. Mle kwenye mabehewa nimesikia maneno ya kila namna: ya maharusi, ya waliofiwa, ya wafanyabiashara wa Tunduma, ya wanafunzi wanaorudi shule na nauli pungufu. Nikasema moyoni, huyu mama atanifundisha nini mimi kuhusu watu wanavyoongea?

Jumamosi ya kwanza kila mtu alisoma ukurasa mmoja aliouandika nyumbani. Wangu ulihusu siku nilipomwambia baba, kijijini kwetu Rungwe, kwamba nimepata kazi relini. Naweka hapa kipande chake, mcheke tumalize:

"Baba mpendwa, ninayo furaha kukuarifu kwamba nimepata ajira katika Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia."

"Hongera sana, mwanangu. Nenda ukafanye kazi kwa bidii na uaminifu, na usiwasahau ndugu zako."

Nilipomaliza kukawa kimya. Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha Kiswahili sekondari hadi akastaafu, akavua miwani.

"Kaka, baba yako alikuwa mkuu wa wilaya?"

"Hapana, Mwalimu. Mkulima. Kahawa na ndizi."

"Siku hiyo ulimkuta anafanya nini?"

"Anapalilia."

"Ulipomwambia, akaacha kupalilia?"

Hapo nikakwama. Hakuacha. Miaka arobaini sijawahi kulifikiria hilo, na ghafla nililisikia lile jembe likikwangua vijiwe kwenye mashina ya kahawa. Nikamwambia hakuacha. Akavaa miwani.

"Basi kaandike jembe. Kwanza jembe. Maneno yatalifuata."

Kwa kikao hicho kimoja nilikuwa tayari kusema elfu sitini yangu imerudi. Lakini nisiwahi, kuna mengine, na si yote mazuri.

Kazi ya wiki ilikuwa kukaa nusu saa mahali penye watu na kuandika unachosikia, bila kurekodi kwa simu. Mwalimu anasema simu inasikia kila kitu na ndiyo maana haifai. Nilikwenda soko la Mwanjelwa, upande wa ndizi, nikaomba kigoda kwa mama mmoja nikasingizia mguu. Niliandika kurasa nne na nikazipeleka Jumamosi kwa mbwembwe. Mwalimu akasoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata, akakata, mpaka ikabaki hivi:

"Mkungu huu?"

"Kumi na mbili."

"Mama'angu."

"Mvua, mwanangu. Gari halifiki kule shambani."

"Nina nane."

"Nane ya wapi?"

"Hii hapa."

"Lete kumi, usinifanye nianze kuongea."

Alichokata ni salamu (nusu ukurasa nzima: za asubuhi, za nyumbani, watoto, mvua, pole na kazi), "eeh" kama ishirini, "yaani" zisizo na idadi, na maneno ya mpita njia aliyekuwa anatafuta chenji. Nikalalamika. Si ndivyo walivyosema? Si ndiyo uhalisia? Akajibu kwamba mtu anayesoma hana kigoda wala harufu ya ndizi. Ukimpa kila neno atachoka kabla ya mkungu kuuzwa. Halafu akatuonyesha kitu ambacho mimi niliyekaa pale sikukiona: hakuna anayemjibu mwenzake. Kijana analalamikia bei, mama anajibu mvua. Kijana anataja pesa yake, mama anauliza nane ya wapi. Na biashara inafanyika.

Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nacheka peke yangu hadi mama watoto akaniuliza kulikoni. Ni hivi. Katika miaka 38 ya kukagua tiketi, sijawahi kusikia abiria akisema "sina tiketi". Hata mmoja. Asiye na tiketi anakuamkia kwanza, shikamoo ndefu hata kama mnalingana umri. Au anauliza Makambako tutafika saa ngapi. Au tiketi iko kwa shemeji behewa la nyuma. Au analala, usingizi wa ghafla, mdomo wazi. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, na ukifungua mlango watano wanakutazama na mmoja anatazama dirishani usiku wa manane, nje giza totoro. Huyo ndiye wako. Nilijua yote hayo, nimeyaishi. Ila nilipokaa kuandika, abiria wangu wote walisema: "Samahani sana, afande wa treni, sikuweza kukata tiketi kutokana na hali ngumu ya uchumi." Sijui nani alitufundisha kuandika hivyo. Nadhani ni insha za shule.

Kuhusu salamu nirudi kidogo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya darasa iliyonigusa na sidhani mahali pengine wanaifundisha. Sisi hatuwezi kuanza kuongea bila kusalimiana, na ukiziandika salamu zote kila mtu anapokutana na mtu, kitabu kitajaa shikamoo. Ukiziondoa zote, watu wako wanakuwa wageni wasio na adabu. Mwalimu anasema: iache salamu pale ilipovunjika tu. Mtoto aliyeingia bila kuamkia. Mama aliyeamkiwa akakaa kimya. Akatupa dakika kumi tuandike salamu iliyovunjika. Mimi niliandika simu ya binti yangu mwaka alioacha chuo bila kutuambia:

"Shikamoo baba."

Nikasikia jogoo upande wake. Chuoni hakuna jogoo.

"Baba? Shikamoo."

"Umeshakula?"

Nikaisoma. Mama mmoja wa kutoka Njombe, fundi cherehani, akasema "jamani", na hakuna aliyeongeza neno. Kusema kweli, nilijisikia kama nimekata tiketi ya daraja la kwanza.

Huyo fundi naye alikuwa na shida yake, na ilitupa somo refu. Alikuwa anaandika habari za mama mwenye nyumba wake wa zamani, ambaye "r" kwake hakuna, zote ni "l". Basi akaandika kila neno hivyo: kalatasi, balabala, habali, Febluali. Ukurasa mzima. Tulicheka sana kwenye mistari mitatu ya kwanza, kisha tukaacha, kisha ikawa taabu hata kusoma. Na mama mwenye nyumba, ambaye katika kisa chenyewe ndiye aliyemlipia fundi ada ya mtoto, alikuwa ameshageuka kichekesho. Mwalimu akamwambia abakize "kalatasi" moja, mwanzoni, msomaji ataendelea kuisikia mwenyewe.

Kwangu ilikuwa ngumu zaidi. Baba hakuongea nami Kiswahili hata siku moja. Ni Kinyakyusa tu. Kwenye rasimu ya pili, nikitaka aonekane mtu wa kijijini, nikampa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Mwalimu alikasirika, na ndiyo mara pekee nilimwona amekasirika.

"Baba yako kwenye lugha yake alikuwa anakosea?"

"Hapana! Alikuwa anatafutwa kwenye misiba aongee."

"Basi kwa nini kwenye karatasi yako anaongea kama mtoto?"

Kwa hiyo: mtu akiongea lugha yake, mpe Kiswahili kilichonyooka, kifupi au kirefu kama alivyokuwa yeye, na uache neno moja mawili ya kwao ili sauti isikike. Mimi nikaacha "taata", yaani baba, na "ndaga", yaani asante, mahali pamoja. Kuna kijana darasani akauliza, sasa Kiswahili sanifu je? Mwalimu akasema usanifu ni wa mwandishi anaposimulia, wanaoongea tuwaache. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, akasema, na bibi zetu wa huku nyanda za juu hawakualikwa.

Sasa Jumamosi ya tatu. Hiyo ndiyo inayowapunguzia nyota. Mwalimu alikuwa na msiba Kyela, akamwachia kijana msaidizi, mhitimu wa chuo, mwenye kompyuta na projekta. Umeme ukakatika saa nne kasoro. Kabla haujakatika alishatuonyesha alama za mtajo, wapi mkato, wapi nukta, na hiyo ilitufaa, sikatai. Nusu yetu tulikuwa tunafunga alama kabla ya nukta na nusu baada. Lakini gizani akaanza somo lake la pili: kwamba neno "akasema" limechosha, tulikwepe. Akatutajia orodha: akatamka, akanena, akabwata, akafoka, akaropoka, akahanikiza. Tukapewa zoezi la kubadilisha "akasema" zote za kurasa zetu. Mtu wa kuuza mkungu kwangu sasa akawa anahanikiza.

Nilimwuliza kwa heshima, kijana wangu, huyu mama wa ndizi kweli alihanikiza? Akasema, "Mzee, ni kuipamba lugha." Fundi wa Njombe akasema kwa sauti ya chini lakini wote tulisikia: "Nguo yenye vifungo vya rangi kila kimoja, anavaa nani?" Wiki iliyofuata mwalimu aliporudi alituambia "akasema" halionekani, ni kama pini, ndiyo uzuri wake, na mara nyingi hata hilo halitakiwi kama mikono ya watu inafanya kazi. Hakumsema kijana. Lakini kikao kizima kilikuwa kimepotea, na katika elfu sitini kikao kimoja ni elfu kumi na tano. Waseme mapema kama mwalimu hayupo. Na watafute taa ya akiba.

Mengine madogo: chumba ni baridi, njoo na sweta, Juni na Julai njoo na koti. Chai ni nzuri, ina tangawizi. Choo kiko chini, ufunguo unaomba dukani.

Jumamosi ya nne ndiyo iliyonipa kazi ambayo mpaka leo sijaimaliza. Swali lilikuwa: maneno ya mwaka 1984, utayaweka vipi ndani ya alama za mtajo wakati huna uhakika nayo? Hii si riwaya. Baba alikuwepo, kaburi lake lipo, watoto wake wapo na watasoma. Mwalimu anasema hakuna anayekumbuka neno kwa neno, na msomaji mwenye akili analijua hilo. Ila kuna tofauti ya kukumbuka vibaya na kumtungia mtu. Ushauri wake ni wa kizamani na mzuri: mwulize aliyekuwepo.

Nikampigia dada yangu aliyeko Tukuyu. Yeye siku ile alikuwa kibarazani.

"Dada, baba aliniambia nini siku ile?"

"Siku ipi?"

"Ya kazi ya relini."

"Hakukwambia kitu."

"Si aliniambia habari za koti?"

"Koti nalikumbuka. Ulilirudisha limechanika kwapani." Akakohoa kidogo. "Alimwambia mama, usiku. Alisema, 'Na kahawa atachuma nani?' Wewe ulikuwa umeshalala."

Hilo la kahawa nilikuwa silijui. Nilikaa na simu sikioni muda, yeye akadhani salio limekwisha.

Nilipompelekea mwalimu akaniambia niandike yote mawili: langu nilivyolisikia, na la dada kama la dada, niseme wazi kwamba nimelipata kwake. Nimefanya hivyo. Sehemu ya shambani sasa inasomeka hivi:

"Taata, nimepata kazi."

"Wapi?"

"Relini. Kwenye treni."

Akapalilia shina, akahamia la pili.

"Inafika Makambako?"

"Inapita hapo."

"Kule kuna baridi."

"Ndiyo."

"Koti lipo nyuma ya mlango."

Nawapa nne kati ya tano. Aliyezoea kuandika barua za kiofisi, kama mimi, atafaidi kuliko wote, japo ataumia. Anayetaka kujifunza kuchapisha na kuuza kitabu asiende. Hayo hawayagusi kabisa, ukiuliza unaambiwa kwanza andika. Na kwa anayetaka cheti: hakuna cheti.

Nilikuwa niishie hapo, lakini nina la steshenari, maana nalo ni huduma na nimelilipia. Baada ya darasa nilipeleka daftari likachapwe, kurasa kumi na moja, Sh 1,000 kwa ukurasa, duka ambalo silitaji kwa kuwa kijana mwenyewe ni mtoto wa jirani yangu. Nilikwenda kuchukua kesho yake, karatasi safi, herufi zimepangika. Nikafungua sehemu ya shambani kabla sijatoka mlangoni. Imeandikwa: "Mwanangu, kule Makambako kuna baridi kali, kwa hiyo chukua koti langu ambalo lipo nyuma ya mlango likusaidie." Na "taata" zote zimekuwa "baba".

Nikarudi kaunta.

"Kijana, haya nimeandika mimi?"

"Nilikusaidia, mzee. Ilikuwa haijakamilika."

"Rudisha kama ilivyokuwa."

Akavuta kiti, akafungua faili, nikasimama nyuma yake na daftari. Akafuta "likusaidie". Akafuta "langu". Akafika kwenye koti akanigeukia.

"Sasa mzee, msomaji atajuaje kama amekupa?"

"Chapa."

"Ulilichukua lakini?"

"Chapa, mwanangu."